Popo wa Baba, Konokono wa Bibi

Walipokuja watu wa kuchanja ndui, watoto wote wa kwetu Unyambwa walikimbilia kwenye majabali. Mimi sikufika. Miguu yangu ilikuwa mifupi, na nyuma yangu nilimsikia mwanamke anacheka, anasema yule mdogo ndiye atakayeshikwa wa kwanza. Basi nikageuka, nikaingia kwenye tembe letu, nikapanda juu ya kinu kilichoinamishwa, nikajitumbukiza ndani ya lindo. Kwa asiyelijua, lindo ni ghala la magome ya mti, limeshonwa mviringo kama pipa, linakaa chumba cha ndani, na mtu mzima anaweza kusimama humo. Lilikuwa karibu tupu. Nikalala juu ya uwele uliobaki, nikavuta ungo juu yangu. Mlinuka moshi, majivu, panya, na kitu kingine kama udongo uliolowa zamani ukakauka.

Walinikuta baadaye nimesinzia, punje za uwele zimenichora shavu zima. Nikachanjwa hivyo hivyo na usingizi wangu. Alama ipo mkono wa kushoto mpaka leo. Vijana wakiiona wanadhani niliungua. Ninyi wa umri wangu hamuulizi, maana mnazo za kwenu.

Sikukaa hapa kuandika habari za ndui. Ila nikianza na lindo ndipo naweza kufika ninakokwenda. Nimejaribu mara kadhaa kuanza na baba mwenyewe, nikashindwa, nikaweka kalamu chini. Shule niliishia darasa la tatu, mkono unachoka upesi, na siku hizi karibu kila kitu kinanichosha, hata kukasirika. Kwa hiyo mnivumilie tupitie lindoni.

Siku ile ya chanjo, miguuni kwangu mle ndani, palikuwa na kibuyu cha mdomo mpana. Niliingiza mkono nikakuta majivu makavu, na ndani ya majivu kitu kigumu, baridi, kimejizungusha kama pembe ndogo ya kondoo. Niliogopa kidogo, kisha nikakishika. Nadhani ndicho kilichonipa usingizi. Sasa juzi wajukuu zangu walikuwa wanabomoa kipande cha mwisho cha tembe hilo, maana tunataka kuezeka bati, wakatupa nje vigae vya kibuyu na gamba moja la konokono, jeupe kama chokaa. Mmoja akaniletea, akaniuliza, bibi, hili nalo tulitunze? Nikalinusa. Halinuki kitu chochote. Nikamwambia alitupe, kisha nikamwita alirudishe.

Konokono yule alikuwa wa bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa konokono mkubwa wa porini, ukubwa wa ngumi yangu ya sasa, mwenye gamba la mistari ya kahawia. Kila mwaka baada ya mavuno, udongo ukianza kupasuka, bibi alikwenda kwenye vichaka vya chini ya majabali akatafuta mmoja aliyekwisha kujifunga. Mnajua anavyofanya. Jua likizidi anajivuta ndani kabisa, anaziba mdomo wa gamba kwa utando mweupe unaokauka ukawa kama karatasi ngumu, halafu analala. Hali, hanywi, hatembei. Bibi alimweka kwenye majivu, akamweka na kibuyu chake ndani ya lindo, juu ya mbegu, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Majirani wengi walipanda uwele kwenye vumbi, wakisubiri mvua iwakute. Bibi hakubahatisha. Alisema hewa ya mvua inafika siku kadhaa kabla ya mvua yenyewe, na konokono ndiye anayeisikia kwanza. Akivunja mlango wake, bibi anachukua jembe. Wenye mashamba jirani walikuwa wakipita uani wanauliza, hata kabla ya kusalimia vizuri, je, huyo amefungua?

Mama yangu alikuwa amekwisha kufa kwa uzazi. Nyumbani tulikuwa bibi na mimi, na baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alifanya kazi kwenye gengi la reli huko Itigi, kazi ya kubadilisha mataruma, yale magogo ya kulalia vyuma. Mwaka ninaotaka kuusimulia alikuja katikati ya kiangazi akiwa na fimbo, mguu wa kulia umevimba, maana taruma lilimwangukia. Alinuka mafuta ya reli hata baada ya kuoga. Aliniita Mama Mdogo, kwa sababu nilipewa jina la bibi, na bibi alikuwa Mama Mkubwa, na akicheka alisema ameoa nyumba yenye mama wawili na hana mke hata mmoja.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa popo. Chini ya majabali, upande wa kwetu, kuna kijito, wakati ule kilikuwa mchanga mtupu, na kando yake mkuyu mmoja mkubwa. Tulikwenda saa za mchana, yeye na fimbo yake, mimi nimebeba kibuyu cha maji. Kabla hatujaufikia mti nilisikia kelele kama soko la kuku, na harufu ilinikamata kooni, harufu ya matunda yaliyochacha na mkojo. Nikatazama juu nikaona mti umezaa vitu vyeusi. Kumbe vinasogea. Kumbe vina macho. Walikuwa popo wakubwa wale wanaokula matunda, wenye uso kama mbwa mdogo, na shingoni manyoya ya rangi ya majani makavu. Wamejifunga mabawa kama wazee waliojitanda mashuka, kichwa chini, wanagombana. Mmoja aliachia mavi yenye mbegu, yakamwangukia baba begani. Akasema hiyo ni barua.

Nikamuuliza barua ya nini. Akanieleza kwamba hawa hawana kwao. Leo wanakula kuyu za hapa, mwezi ujao wapo nchi nyingine, wanafuata mvua na matunda. Kwa hiyo wakija hapa ujue mvua imekwisha kuanza mahali na inawafuata nyuma. Treni nayo ndivyo inavyokuja, alisema, unaweka sikio kwenye chuma unaisikia kabla hujaiona.

Nilimwona mmoja ana uvimbe kifuani, nikadhani ni mgonjwa kama mguu wa baba. Akaniinua begani nione vizuri. Alikuwa mtoto. Popo anazaa mmoja tu, anamning'iniza kifuani na kuruka naye. Baba akaniambia niache kumtazama sana, mama wa watu anaona haya.

Kuanzia siku hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na ushindani, popo wa baba na konokono wa bibi. Ninyi mliokulia kwenye nyumba zenye watu wengi mlikuwa na michezo mingine, sisi tulikuwa watatu na mchezo wetu ulikuwa huo. Asubuhi baba alikuwa akikaa kwenye kivuli cha ukuta, ananyoosha mguu, anaanza.

"Mama, shikamoo. Yule mzee wako ameamka?"

"Marahaba. Bado. Hao wa kwako wamemaliza kunya?"

"Wamefika tangu juzi, mama. Mvua iko njiani. Huyo wako tangu ajifungie hajui hata nani amekufa."

"Anajua mlango wake," bibi alisema. "Wako wanajua milango ya watu wote."

Baba alicheka, lakini nilimwona anatazama chini. Mimi nilicheka pia, bila kujua tunacheka nini.

Mjukuu wangu mmoja anasomea mambo ya wanyama, na nilipomhadithia kidogo aliniongezea kwamba konokono mmoja ni dume na ni jike, yote mawili ndani ya gamba moja. Nikamkumbuka bibi anavyoezeka dari la udongo mwenyewe, anavyokamua ng'ombe mwenyewe, anavyonisuka huku anafokea mbuzi. Lakini huyo huyo mjukuu akasema konokono akishataga mayai yake, yale madogo yanayong'aa kama punje, anayafukia na kwenda zake, halei. Na popo ndiye anayembeba mtoto. Kwa hiyo mambo hayakukaa sawa kama nilivyokuwa nimeyapanga kichwani miaka yote. Nimeyaacha hivyo. Sina nguvu ya kuyapanga upya.

Ngoja nirudi kwenye mguu. Msimamizi wa gengi alituma salamu kwa mtu aliyekuwa akipita, kwamba nafasi ya baba itashikwa na mwingine asiporudi. Nikamuuliza baba kama ataondoka. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuacha kuchonga. Akasema, mvua ikinyesha siendi, nani atamlimia bibi yako shamba lote lile? Nitakaa nipalilie mpaka mavuno. Isiponyesha, basi mguu ukipona nitarudi, tutakula nini hapa?

Hayo ndiyo yaliyoniingia. Kila asubuhi nilikuwa naukagua ule mguu wakati bibi anaukanda kwa maji ya moto. Uvimbe ulipungua. Kidole gumba kikaanza kuonekana mifupa. Nadhani Singida nzima nilikuwa mtoto pekee aliyekuwa anaomba mguu wa baba yake usipone. Na mbinguni kweupe, wala wingu la kufunika kuku hakuna.

Sasa mnielewe jinsi nilivyoelewa mimi. Kila mwaka nilikuwa naona konokono anafungua, halafu mvua inanyesha. Mtu mzima anajua kwamba hewa ya mvua ndiyo inayomwamsha. Mimi nilifikiri kama zizi. Ng'ombe hawatoki mpaka uondoe mti wa mlangoni. Mvua nayo imefungiwa mahali, na mlango wake ni ule utando mweupe ndani ya kibuyu, na bibi, kwa ukaidi wake tu, anamwacha konokono alale hadi ashibe usingizi. Nilijua kinachomwamsha, kwa sababu niliwahi kumwona mmoja kichakani anatoka baada ya manyunyu. Anataka maji.

Maji yalikuwa ya kuchimba mchangani, na bibi alijua kila kata iliyotoka mtungini. Kwa hiyo sikuchota. Nilikuwa nakunywa mbele ya watu kama kawaida, lakini simezi. Nilijaza mashavu, nikatembea polepole hadi chumba cha ndani, nikapanda kinu, nikainama lindoni, nikamtemea konokono yale maji kidogo kidogo. Yalikuwa yamekwisha kuwa ya uvuguvugu. Baba aliniona mara moja napita mashavu yamevimba, akasema Mama Mdogo leo umekuwa chura. Nikatikisa kichwa nikaendelea. Nilifanya hivyo siku tatu.

Siku ya nne bibi aliingia kuchukua uwele wa kusaga, akakawia huko ndani. Alitoka na kibuyu amekikumbatia. Utando ulikuwa umepasuka, na konokono ametoa shingo yake ya kijivu, pembe mbili zinapapasa hewa. Ile harufu ya udongo uliolowa, niliyoinusa siku ya ndui, ilijaa uani. Sijawahi kumwona bibi na uso ule. Akamwambia baba, basi leo wako na wangu wamesema neno moja. Na baba, ambaye kwa wiki nzima alikuwa anatamba kuhusu popo, alisimama bila fimbo akasema, mama, hata mimi nilianza kuogopa.

Tulipanda siku mbili mfululizo. Na majirani wawili watatu, wale waliokuwa wakimsikiliza bibi, nao walipanda. Baba alikwenda mbele anapiga mashimo, anachechemea, mimi nyuma yake nadondosha punje, bibi nyuma yangu anafukia kwa mguu. Udongo ulikuwa wa moto unapita katikati ya vidole kama unga uliotoka kwenye kikaango. Baba aliimba nyimbo za gengi, nyingine bibi alimkataza. Tulimwaga mbegu yote. Lindo likabaki tupu, ukiita ndani yake linakujibu.

Mvua haikuja. Nisiwapotezee muda kuhesabu siku, ninyi wenyewe mmewahi kulitazama jua la namna hiyo. Kwale walikuja wakafukua, sisimizi wakabeba punje kwa mistari, kila mmoja na mzigo wake kama watu waliotoka mnadani. Kisha yakaja manyunyu, jioni moja, ya kulowesha vumbi tu, ya kutosha kuziotesha zilizobaki. Shamba likawa na unyoya wa kijani. Bibi hakufurahi. Siku zilizofuata jua likarudi, na ule unyoya ukawa njano, ukawa rangi ya shingo za popo, ukapeperuka. Majirani waliopanda kwa neno la bibi hawakutukana. Waliacha tu kupita uani kwetu.

Lakini niseme kweli, maana uzee huu sina wa kumficha. Siku hizo ndizo nzuri kuliko zote nilizopata. Baba hakuondoka. Alikuwa ananitengenezea vitanda vya vijiti kwa ajili ya wanasesere wa udongo, ananifundisha kuweka sikio chini kusikiliza treni ambayo haikuwepo, na jioni alikuwa anaegemea fimbo yake akisema mguu bado unauma, mama, bado unauma. Nilikuwa naona uwele unakufa, na ninacheza.

Kisha bibi akaamua kumrudisha konokono porini, maana alikwisha kujifunga tena. Alikaa uani akamwaga majivu ya kibuyu kwenye ungo. Yaliyotoka juu yalikuwa vumbi. Ya chini yalitoka bonge moja, gumu, limeshika umbo la kibuyu kama mkate. Majivu hayawi vile kwa hewa. Majivu huwa vile yakimwagiwa maji, yakakauka.

Mimi nilikuwa kwenye mtungi, nimeshika kata. Nilikuwa na kiu ya kweli safari hii, na mdomo umejaa.

Bibi alilibeba lile bonge kwa mikono miwili akaliweka mbele ya baba, taratibu, kama anayemwekea chakula. Hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba tangu arudi amekuwa akimcheka konokono wake, na alikuwa anataka popo washinde, na mtu mzima anayetaka kushinda mchezo anaweza kufanya jambo la kitoto.

"Ulimmwagia maji, mwanangu?"

Baba alilitazama bonge. Kisha akainua macho, sijui kwa nini, akanitazama mimi. Aliyatazama mashavu yangu. Sikuweza kusema kwa sababu ya maji, na sikuweza kumeza kwa sababu ya yeye. Nilimwona anaelewa. Haikuchukua muda, uso wake ulitulia tu kama mtu aliyekumbuka alikoweka kisu.

"Ni mimi, mama," alisema.

"Mbegu yote."

"Ni mimi."

Bibi alisema basi. Akaingia ndani, nikasikia anafagia chumba ambacho kilikuwa kimefagiwa.

Nilikuwa na nafasi ya kwenda ndani nikamwambie. Chumba kilikuwa hatua kumi. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, nilimlisha kwa kijiko mwishoni, na hakuna siku niliyozitembea zile hatua. Kuhusu baba, ambaye hakurudi tena, mmoja alisema amemwona Tabora, mwingine akasema ana mke kule Kaliua, mwingine akasema taruma lilimwangukia tena. Nilipokua nilikwenda Itigi mwenyewe nikaulizia, wakanitajia majina ya watu wengine. Nilirudi. Nilichoka tangu wakati ule, naona sijapumzika bado.

Siku ile ile ya bonge, baba alivaa shati lake la gengi. Alikunja shuka, akaweka begani. Alipita karibu nami pale mtungini, nikiwa bado nimesimama na maji mdomoni, akanigusa kichwani.

"Meza, Mama Mdogo," alisema. "Utapaliwa."

Nikameza. Alishika njia ya majabalini, saa nane za mchana, vumbi linamfuata miguuni. Kutoka uani nilimwona anafika chini ya mkuyu, popo wakapiga kelele kidogo, wakajisogeza kama watu wanaompisha mtu kwenye benchi, hakuinua kichwa. Hapo ndipo nikaiona fimbo yake imeegemea ukutani. Nikaichukua nikimbie nimpelekee, nikatazama tena, nikasimama. Alikuwa anatembea vizuri, miguu yote miwili, hatua ndefu, wala hachechemei. Sijui ule mguu ulikuwa umepona tangu lini. Akazunguka jabali.